Jeep Imepona, Mama

Goma, Ndosho
Jumapili, baada ya misa ya kwanza

Mama yangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristu. Najua umeshajibu kwa sauti kabla Kambale hajavuta pumzi, na sasa anakutazama kwa jicho lake la mwalimu aliyekatizwa darasani. Mwache atazame. Kambale mdogo wangu, soma polepole, soma yote, wala usiruke mahali eti kwa sababu unaogopa mama atalia. Mama huyu amezaa watoto sita na amemzika mume. Karatasi haiwezi kumshinda.

Magoti yanasemaje, Mama? Bado unapaka ile dawa ya muuguzi, au umerudia mafuta yako ya mawese kwa siri? Na baridi ya asubuhi huko Butembo inakuacha ufike kanisani? Sisi huku tu wazima. Neema binti yangu amenipita urefu, na sasa anavaa viatu vyangu bila kuomba, kisha analalamika kwamba vinambana. Mimi nimepungua kidogo. Usianze kuwaza: ni kupungua kwa mtu aliyesukuma gari, si kwa mgonjwa.

Barua hii inaletwa na Mama Kahindo, yule mchuuzi wa vitenge. Yeye ana pasiporti, kwa hiyo anaweza kuzunguka kupitia Uganda, aingie Kasindi, ateremke mpaka kwenu. Mpe chai na umkalishe vizuri, maana ni safari ya kumchosha hata punda. Nimeandika kwa sababu kwenye simu mimi na wewe hatuongei, tunapigiana kelele. Wewe unaweka sauti juu ili jirani wote wasikie kwamba Masika amepiga, na mimi huku naongea kwa mafumbo, maana hakuna ajuaye nani mwingine anasikiliza. Tangu mji huu ubadilishe mikono, watu wote wa Goma tumejifunza lugha hiyo. Milio ya risasi tunaiita mvua. Wenye silaha ni wageni. Mtu akikamatwa, tunasema amelala kwa shangazi. Lugha hiyo ndiyo iliyotuponza, mimi na ninyi, na leo nataka niifungue yote.

Nianze na ile misa mliyonisomea.

Mnakumbuka kwa nini nilinunua jeep. Baba alipofariki, njia ilikuwa imefungwa, nami sikumzika. Baba mdogo Paluku akasema mbele ya ukoo kwamba kilio hakitaondolewa mpaka mzaliwa wa kwanza afike, amfungue mama kitambaa cheusi kichwani kwa mkono wake mwenyewe, maana ndivyo ilivyofanyika kwa bibi na kwa mama yake bibi. Sikubisha, ni kweli ndivyo ilivyo nyumbani kwetu. Lakini mwaka umepita na mwingine umeingia, na wewe bado uko ndani ya nguo nyeusi, huendi harusini, huketi na wenzako sokoni, na kwenye kwaya umeacha kiti kitupu. Wewe, Mama, ambaye baba alisema alikusikia kwanza kabla ya kukuona! Kila nilipofikiria hilo nilikosa hamu ya chakula. Nikasema: kama mabasi hayaendi, nitajipeleka mwenyewe. Kabichi za Kibumba zilikuwa zimeniendea vizuri, ninazipakia kule na kuziuza hapa mjini, nikanunua jeep ya mtu mmoja aliyekuwa anahama. Akaniambia hivi, na sikio langu likakubali kusikia: "Iko na vipane kidogo-kidogo tu, mama. Haina ugonjwa ya mukubwa."

Vipane kidogo-kidogo, yaani ubovu mdogo tu. Baba, aliyeendesha malori ya watu maisha yake yote, angecheka mpaka akohoe. Nami nilijua. Nilijua kabisa, lakini nilikuwa na haraka, na mwenye haraka hukunja noti bila kufunua boneti.

Siku ya pili tu, mchana wa jua kali, nilisimamisha jeep karibu na parokia nikazima moteri. Nikasikia "tak!" milango yote minne imejifunga yenyewe. Navuta kishikio cha ndani, kinabaki mkononi mwangu. Nabonyeza kidude cha kioo, kioo hakishuki. Nageuza ufunguo niwashe tena, demarere, kile kiwashio cha moteri, inasema "tik," basi. Honi nayo ilikuwa imeharibika namna ya ajabu: ukiibonyeza haisemi, ila ukikata usukani kushoto inalia yenyewe. Basi nikaanza kukata kushoto, kushoto, kushoto, niombe msaada. Watu wanapita wananipungia mkono. Mwanamke mmoja mwenye beseni la ndizi kichwani akaniambia kwa ishara nitulie, njia ni ya wote.

Ndipo simu ikalia, na ni wewe, Mama.

Ukumbuke maneno yangu, maana ninayakumbuka vizuri. Nilisema: "Mama, nimefungiwa ndani, siwezi kutoka, mlango unakataa, niombee." Kisha simu ikazima, betri haikuwa na moto. Nilikuwa nasema kweli tupu! Nilikuwa ndani ya gari, nimefungiwa, mlango unakataa, na jasho linanitiririka mpaka viatuni. Lakini ninyi mlikuwa mmeshazoea mafumbo, kwa hiyo mkalifumbua neno ambalo halikufumbwa. Baba mdogo Paluku akaenda kwa padri. Misa ikasomwa kwa ajili ya Masika aliyefungwa Goma. Mama, watu walinitolea sadaka kwa sababu ya kufuli la mlango.

Mimi nilitoka baada ya muda wa kusali rozari moja. Mzee mmoja aliyekuwa amekaa ng'ambo ya barabara alinikaribia bila haraka, akaweka paji la uso kwenye kioo akanitazama kama mtu anayetazama sufuria.

"Mama, acha kwanza ile klaksoni," akasema. "Pita nyuma."

"Nyuma wapi?"

"Ku mulango ya nyuma. Ruka viti. Mimi niko nafungua na waya."

Niliruka viti na kitenge changu, Mama, na umbo langu unalijua, ulilitengeneza mwenyewe. Nilitokea mlango wa nyuma kwa tumbo, kichwa mbele, watu wakipiga makofi. Mzee yule ndiye Papa Bahati, fundi, mtu wa pande za Rutshuru, aliyekimbia vita akakaa kambi ya Mugunga mpaka kambi ikavunjwa, na sasa garaji lake ni hema la plastiki na shimo alilochimba katikati ya mawe ya volkano. Siku ile nilimwachia jeep.

Baada ya siku tatu Kambale akanitumia ujumbe: "Tunamshukuru Mungu umetoka kwa shangazi." Nikajiuliza shangazi yupi, sisi shangazi wetu wote wako Lubero! Nilipoelewa nilicheka mpaka Neema akaniletea maji. Nikapiga simu niwaeleze kwamba ulikuwa mlango wa gari, mlango wa kweli, wa chuma. Na kadiri nilivyoeleza, ndivyo ninyi mlivyozidi kunijibu, "Tumeelewa, tumeelewa, usiseme mingi." Kwa hiyo naapa hapa kwa maandishi: sikufungwa na mtu yeyote. Padri aambiwe. Ile misa iwekwe akiba, siku hizi haipotei bure.

Sasa nikueleze jinsi jeep ilivyopona, kwa sababu wewe ni mke wa dereva na umesukuma magari mabovu kuliko fundi yeyote wa Goma.

Papa Bahati ana tabia moja iliyonichosha roho mwanzoni. Hakubali kutengeneza gari la mtu peke yake. Siku ya kwanza alinyoosha mkono na ufunguo wa boluti akanipa mimi.

"Kamata kle, mama."

"Mimi? Papa Bahati, kazi hii ni yako."

"Hapa Ndosho ni yangu. Mu njia ni ya nani? Mu njia hakuna Papa Bahati. Kamata."

Nilikasirika. Nilimwambia nimekuja kwa fundi, sikuja shuleni. Akakaa juu ya jiwe akaanza kumenya chungwa. Nikakamata kle.

Demarere tuliifungua kwanza. Mimi nilidhani imekufa, akanionyesha kwamba "haiyakufa, mudomo yake tu njo imekulika." Ndani kuna vipande viwili vya shaba vinavyogusana ndipo moto wa betri upite, navyo vilikuwa vimeisha upande mmoja. Akanifundisha kukata vingine kutoka shaba kuukuu na kuvisugua kwenye jiwe mpaka vikae sawa. Nilisugua asubuhi nzima. Niliporudisha kila kitu na kugeuza ufunguo, moteri ikaitika mara moja, na mimi nikapiga kigelegele peke yangu kati ya mawe. Najua wewe pia umefurahi hapo uliposikia.

Honi ilikuwa waya mmoja tu uliochubuka ndani ya shingo ya usukani. Tuliufunga plastiki, na sasa nakata kushoto kimya-kimya kama watu wengine, ingawa jirani wanasema mtaa umepooza. Mshale wa mafuta ulikuwa umekwama kwenye nusu, tangi likiwa limejaa au likiwa tupu ni nusu tu, mpaka tukafungua tangi na kukuta kiboya kimepinda. Breki ya mkono ilikuwa imelegea. Kufuli za milango tulizikata nyaya zake kabisa, kwa amri yangu. Papa Bahati alisema zinaweza kutengenezeka, nikamwambia katika gari langu mlango utafungwa na mkono wa mtu au hautafungwa.

Kazi iliyokuwa ngumu ni ya krabo. Baba aliniambia habari zake nikiwa mdogo lakini sikuwa nimezigusa. Ni vile vifundo viwili katikati ya magurudumu ya mbele: usipovizungusha kwa mkono, magurudumu ya mbele yanafuata tu, na gari lako la kuvuta kwa miguu minne linakuwa kama la kuvuta kwa miwili. Aliyeniuzia hakuvigusa miaka mingi. Grisi ilikuwa imekauka kama ugali wa juzi. Tuliviloweka kwenye mafuta ya mazuti, tukavifungua, nikavisafisha kila jino kwa mswaki wa zamani wa Neema, tukapaka grisi mpya. Siku vilipogeuka kwa vidole vyangu viwili, Papa Bahati alinitazama, akasema: "Sasa unaweza enda kwenu."

Mama, hapa ndipo ninaposhindwa. Kambale, usisimame kusoma.

Mficha uchi hazai, nawe ulituambia hivyo tulipokuwa tunaficha vidonda vyetu. Basi huu ndio uchi wangu. Jeep imepona zamani. Imepona kabla ya mavuno ya maharagwe yaliyopita. Kila mliponipigia simu mkaniuliza "unakuja lini?" nami nikajibu "bado kuna pane kidogo," haikuwa pane ya gari.

Kadi yangu ya uchaguzi, ndiyo kitambulisho chetu, ilipotea siku zile za kukimbia, mnalijua hilo. Ili jeep iandikwe kwa jina langu nilihitaji kitambulisho, na kitambulisho kinachotolewa huku sasa kina kacheti, yaani muhuri, ya hawa wanaotawala huku. Nilikipokea. Nikapata na karatasi ya gari, yenye kacheti ileile. Nilitoka pale nikiwa na furaha, nikawanunulia Neema na jirani samaki sambaza wa ziwani tukala. Sikuona nilichofanya. Kitu nilichokinunua ili kinitoe ndicho kilichonifungia.

Nilijaribu, Mama. Usidhani nilikaa tu. Nilimwacha Neema kwa jirani nikaondoka asubuhi, na ndani ya gari nilikuwa na kitenge kipya cha rangi ya machungwa nilichokuchagulia uvae siku ya kuondoa kilio. Nilipita Kibati, nikapita Kibumba kwa wauza kabichi wangu, wakaniuliza kwa nini leo sisimami. Nilipita Rutshuru. Baadaye kulikuwa na matope ambayo malori mawili yalikuwa yamelala ndani yake, nikashuka, nikazungusha krabo kwa mkono wangu, kulia kisha kushoto, nikapanda, na jeep ikapita pembeni mwao ikinguruma. Madereva wakanishangilia. Mama, katika maisha yangu yote sijafurahi namna ile. Nilisema kwa sauti, "Baba, umeona?" Niliimba mpaka bariere ya mwisho, kizuizi ambapo utawala wa huku unaishia na wa serikali, upande wenu, unaanza.

Pale bariere alikuwepo askari wa makamo, si mtu mbaya. Alisoma karatasi zangu mara mbili.

"Unaenda wapi, mama?"

"Butembo, kwa mama yangu. Ni kumuondolea kilio."

"Ee. Pole." Akagonga kacheti kwa kidole. "Huku kwetu hizi dokima ni muzuri. Kule mbele, hii kacheti itakusemea mubaya. Batauliza nani alikupatia, na juu ya nini. Gari batabakia nayo. Na weye utabaki unajieleza."

"Nitajieleza. Mimi ni mutoto wa kule. Lugha yangu ni ya kule."

"Bengine ni batoto ba kule pia. Banajieleza mpaka leo." Akanirudishia karatasi kwa mikono miwili. "Mimi siwezi kukukatalia kupita. Nakuambia tu. Uko na mutoto?"

"Niko naye mumoja."

"Basi rudia, mama."

Nilikaa ndani ya jeep pale muda mrefu, moteri inawaka, na njia iko mbele yangu, wazi, naiona inavyopanda mlima kuelekea kwenu. Hakuna kitu kilichokuwa kimeharibika. Penye nia pana njia, walituimbisha shuleni. Nia nilikuwa nayo tangi zima. Niliwaza nikipita na nikishikwa, Neema atakaa kwa jirani mpaka lini? Na wewe ungesikia kwamba Masika amelala kwa shangazi, safari hii kweli, na Baba mdogo angekwenda tena kwa padri. Kisha nikageuza gari. Nililia mpaka Kibumba, nikanunua kabichi ili nisirudi mikono mitupu, nikamwambia Neema kwamba redieta ilivuja.

Ndivyo pane zilivyoanza kuzaliana. Nikiwa kwenye simu nasema "bado kidogo," mara demarere, mara breki, nikitumaini mtaelewa kwamba ni fumbo, maana kwa mafumbo ninyi ni mabingwa! Lakini safari hii mlisikia gari tu. Kwa hiyo tumepotezana mara mbili: nilipowaambia ukweli mkaufanya fumbo, na nilipowapa fumbo mkalifanya ukweli.

Na mimi mwenyewe nikaanza kuuamini uongo wangu. Wiki hii nasikia breki inapiga filimbi, wiki ijayo nasikia usukani una mchezo. Nikapeleka jeep kwa Papa Bahati mara sita, mara saba. Alifungua, akaangalia, akafunga. Mara ya mwisho nilimwambia kuna kitu kinagonga chini, upande wa kushoto. Akapanda, tukaenda mpaka Mugunga na kurudi.

"Sisikie kitu," akasema.

"Inagongaka wakati niko peke yangu."

Akazima moteri.

"Mama Neema, hii gari imeshapona. Ni sawa mutoto alishapona malaria, na mama yake anaendelea kumupeleka ku opitali kila siku. Sitamugusa tena. Weye njo uko na pane. Na ile, sina kle yake."

Nilimkasirikia, Mama. Nilimwambia yeye ni fundi wa magari, asinitie vidole moyoni. Akasema sawa. Kisha akaniambia kwamba kwao ni mwendo wa asubuhi moja tu kutoka hapa, na njia haijafungwa, lakini nyumba ina watu wengine ndani, na shamba lina watu wengine. Hajaenda hata kutazama. Halafu akatoka ndani ya gari akaenda kuosha mikono. Tangu siku hiyo nikipita namsalimia, naye ananiuliza "kwenu banaamuka?" wala hataji jeep.

Labda ningeendelea hivyo hata mwaka mwingine. Lakini Jumanne Mama Kahindo alifika kwangu na mfuko wa maharagwe, akasema, "Hii inatoka kwa kaka yako mudogo, angalia katikati." Nikaingiza mkono katikati ya maharagwe nikatoa demarere. Kambale, ndugu yangu! Demarere nzima, imefungwa kwenye shati lako la zamani la shule, imezunguka nchi mbili ili ifike kwa dada yako anayewadanganya. Mliitafuta wapi? Nani aliuza nini? Usinijibu, sitaki kujua. Nilikaa chini jikoni nimeipakata, na Neema akaniuliza, "Mama, si yetu inawaka?" Nikamwambia ndiyo, yetu inawaka. Nikaona haya mbele ya mtoto wangu. Ndiyo sababu unasomewa barua hii.

Basi sikia, Mama. Sijui nitakuja lini. Nimeandika sentensi hiyo na kalamu haikuvunjika. Labda njia itafunguka, labda nitapata karatasi nyingine, labda mimi na Neema tutabaki huku na kabichi zetu mpaka wakubwa wachoke kugombana. Jeep naiwasha kila asubuhi, nazungusha krabo mara moja kwa wiki zisishike tena, na hiyo itatosha. Lakini wewe usikae ndani ya kilio kwa sababu mimi niko ndani ya Goma. Mtu mmoja aliyefungiwa anatosha katika familia. Kila siku unayovaa nyeusi ukinisubiri, ninahesabu kwamba ni mimi ninayekuvika, na siwezi tena, Mama, inaniumiza kuliko kutokumzika baba.

Nisalimie Katungu mdogo wangu na mume wake, na umwambie mtoto aliyemwita jina langu asije akawa mkaidi, jina hilo tayari lina kazi nyingi. Nisalimie mama mkwe wa Kambale, anayenitumia majani ya dawa bila kuuliza naumwa nini. Nisalimie bibi jirani wa ukutani, yule anayesikiliza simu zetu zote, mwambie leo hakuna fumbo. Wanakwaya wote, hasa yule mama wa sauti ya pili aliyekalia kiti chako: mwambie ahame.

Baba mdogo Paluku nimemwacha wa mwisho kwa makusudi. Baba mdogo, nakusalimu kwa heshima zote, magoti chini. Desturi ya nyumba yetu naijua na sitaki kuivunja. Inataka mkono wa mzaliwa wa kwanza, na hili ndilo ombi langu kwako mbele ya ukoo: barua hii, kutoka neno la kwanza mpaka hapa, imeandikwa na mkono huo. Sikumpa Neema aniandikie, ingawa mwandiko wake ni mzuri. Ndani ya kitenge alichobeba Mama Kahindo, kile cha rangi ya machungwa, ndimo mlimoikuta imefungwa. Chagua Jumamosi. Ita watu. Mweke mama katikati, uilaze karatasi hii juu ya kichwa chake, uiache hapo kidogo watu wote waone, kisha Katungu afungue fundo la kitambaa cheusi. Atakayesema Masika hakuwepo, msomee.

Halafu mama aimbe. Jumamosi hiyo nitaegesha jeep mahali pa jua, milango yote wazi, na nitakuwa nimekaa ndani nikikusikiliza.

Ni mimi, binti yako wa kwanza, niliyekufungua kitambaa,

Masika